Bandeji ya hariri inayotoa dawa kwa kidonda cha konea: jinsi ya kuitengeneza na kuipima maabara

Tone moja la dawa ya macho lina maikrolita 30 hadi 50. Machozi yaliyotanda juu ya jicho ni maikrolita 7 hivi, na hata jicho likijazwa haliwezi kushika zaidi ya 30. Kinachozidi hutiririka shavuni au hushukia puani, na kinachobaki husombwa na machozi mapya yanayoingia kwa kasi ya takriban maikrolita 1 kwa dakika. Dawa inayofaulu kupenya ndani ya jicho kwa kawaida haifiki asilimia 5. Ndiyo sababu mwenye kidonda kibaya cha konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, huamriwa kutiwa dawa kila saa, mchana na usiku. Na ndiyo sababu watafiti wanatafuta kitu cha kukaa juu ya kidonda na kuachia dawa polepole.

Hariri ni miongoni mwa vitu vilivyofanyiwa kazi zaidi. Protini yake kuu, fibroini, hutoa utando mwembamba unaopitisha mwanga, seli za konea hujishikiza juu yake na kutambaa, na dawa huchanganywa ndani yake kwa maji tu, bila kemikali kali. Madaktari wa macho nao wameishonea hariri kwa miaka mingi, kwa nyuzi nyembamba za namba 8-0. Mwaka 2008 Traian Chirila na wenzake wa Queensland Eye Institute nchini Australia walionyesha kwamba seli za uso wa jicho hukua vizuri juu ya tando za fibroini. Mwaka 2009 Brian Lawrence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakachapisha kazi yao kuhusu tando za hariri kwa ajili ya konea.

Mwongozo huu ni wa maabara: chuo, taasisi ya utafiti, au kitengo cha famasia chenye vifaa vya msingi. Utando utakaoupata hapa hauwekwi kwenye jicho la mtu, hata kwa majaribio ya siri, hata jicho liwe la kwako. Mkwaruzo mdogo wa konea hupona wenyewe ndani ya siku moja hadi tatu na hauhitaji kufunikwa. Bandeji ya aina hii inakusudiwa kidonda kilichogoma kufunga kwa wiki mbili na zaidi, jicho lililoungua kwa kemikali, au uso wa jicho baada ya upasuaji. Kidonda cha fangasi, ambacho kwetu Afrika Mashariki ni cha kawaida, hasa kwa wakulima waliochomwa na majani au mabua, ni habari nyingine kabisa: ukikifunika kwa utando wenye antibiotiki ya bakteria unakificha tu huku kikizama.

Anayeanza kazi hii hukimbilia kufikiria dawa: ipi, kiasi gani, kwa muda gani. Lakini utando unaomwaga dawa yote ndani ya saa moja huwa umeharibikia mbali kabla dawa haijaguswa, kwenye sufuria ya kuchemshia hariri au kwenye chumba cha mvuke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya hariri yenyewe.

Vifukofuko

Tumia vifukofuko vya nondo wa hariri anayelishwa majani ya mforosadi, Bombyx mori. Gramu 5 ni vifukofuko 12 hadi 16 vilivyotolewa mdudu. Vikate kwa mkasi vipande vya ukubwa wa sarafu, kung'uta ngozi ya kiwavi iliyobaki ndani, na utupe kila kipande chenye doa la kahawia. Doa hilo ni majimaji ya mdudu. Halitoki kwa kuchemsha, na rangi yake utaikuta tena kwenye utando.

Usishawishike na hariri ya porini kwa sababu tu ipo karibu. Kenya, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, imefanya kazi na wanavijiji wa Mwingi kuvuna vifukofuko vya Gonometa, na msitu wa Kakamega una Anaphe. Ni hariri nzuri kwa kitambaa. Lakini kifukofuko cha Gonometa kimefunikwa fuwele za kalsiamu oksaleti, cha Anaphe kina manyoya yanayowasha, na fibroini ya wadudu hao imejengwa tofauti kiasi kwamba njia ya kuyeyusha iliyoelezwa hapa haiimudu.

Kuondoa gundi

Uzi wa hariri ni fibroini iliyopakwa gundi iitwayo serisini, ambayo ni robo hadi karibu theluthi ya uzito wote. Gundi hiyo lazima itoke. Mchanganyiko wa serisini na fibroini ndio uliohusishwa na mzio, na mabaki yake huacha utando wenye ukungu.

Chemsha lita 2 za maji yaliyotolewa chumvi. Maji yakichemka, mimina gramu 4.24 za sodiamu kaboneti kavu kidogo kidogo, maana ukimwaga yote kwa mkupuo maji hufura na kumwagika. Koroga hadi iyeyuke, kisha tia hariri na uchemshe dakika 30 ukiigeuza kwa kijiti cha kioo kila baada ya dakika chache. Magadi ya sokoni hayafai hapa, ingawa yanatoka familia hiyohiyo: ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti pamoja na uchafu mwingine wa ziwani, hivyo huwezi kujua umetia nguvu kiasi gani.

Toa hariri, ikamue, isuuze kwenye lita 1 ya maji safi kwa dakika 20, kamua tena, na urudie hadi zitimie suuza tatu. Ikamue sana, ichambue kwa vidole iwe kama pamba, uitandaze juu ya foili na uiache ikauke usiku kucha.

Sasa pima, na usiruke hapa. Gramu 5 zikibaki kati ya 3.5 na 3.75, umepoteza asilimia 25 hadi 30, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Zikibaki gramu 4, gundi ingalimo. Zikibaki 3.2, umeanza kuyeyusha fibroini yenyewe, au nyuzi nyingine zilikwenda na maji ya kusuuza. Maabara za nyanda za juu zina sababu ya pekee ya kupima: Nairobi, kwenye mita 1,700 na kitu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo dakika 30 za Nairobi si sawa na dakika 30 za Dar es Salaam. Ongeza dakika tano tano kwenye mafungu madogo ya majaribio hadi upungufu wa uzito uingie ndani ya kiwango, kisha ushike muda huo usibadilike tena.

Muda wa kuchemsha unafanya kazi ya pili isiyoonekana. Mnyororo mrefu wa fibroini una uzito wa kilodaltoni 390 hivi, na kila dakika ndani ya kaboneti inaukatakata. Hariri ya dakika 10 hutoa utando mgumu unaokawia kuoza, lakini mmumunyo wake ni mzito na haupiti kwenye chujio. Ya dakika 60 huchujika kwa urahisi, utando wake ni dhaifu na huliwa na vimeng'enya mapema. Kwa kuanzia, dakika 30 ni pazuri.

Kuyeyusha na kuosha chumvi

Fibroini haiyeyuki kwenye maji. Huyeyuka kwenye lithiamu bromaidi ya mola 9.3, yaani gramu 80.8 kwa kila mililita 100 za mmumunyo uliokamilika. Chumvi hii hutoa joto kali inapokutana na maji. Weka bika ndani ya barafu, tia chumvi kwa awamu, vaa glavu na miwani, na ukamilishe ujazo baada ya mmumunyo kupoa.

Kwa kila gramu 1 ya hariri tumia mililita 4. Shindilia hariri kavu kwenye bika dogo, mimina chumvi juu yake, funika na uweke kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 4. Utapata kimiminika kizito cha rangi ya asali, kisicho na nyuzi hata moja. Mabonge yakibaki, mara nyingi hariri haikuwa imekauka: maji yaliyokuwa ndani yake yameipunguza chumvi nguvu, na kupasha zaidi hakutasaidia sana.

Kwa maabara isiyo na fedha ya lithiamu bromaidi, kuna mchanganyiko wa kalsiamu kloraidi, ethanoli na maji kwa uwiano wa mola 1:2:8, yaani gramu 111 kwa 92 kwa 144, kwenye nyuzi 70 hadi 80. Unafanya kazi. Ila huikata minyororo zaidi, na kalsiamu ikibaki huifanya fibroini igande kabla ya wakati.

Chumvi sasa iondolewe kwa dayalisisi, yaani kuufunga mmumunyo kwenye mfuko wa utando unaopitisha chumvi na kubakiza fibroini. Tumia utando wa kuzuia molekuli za daltoni 3,500 na kuendelea. Jaza mfuko nusu tu, kwa sababu maji yataingia na ujazo unaweza kukaribia mara mbili. Mfuko uliojazwa pomoni hupasuka usiku wakati hakuna mtu. Uning'inize kwenye lita 1 au 2 za maji yanayokorogwa taratibu kwa sumaku, na ubadilishe maji mara sita ndani ya saa 48: baada ya saa 1, baada ya saa 4, jioni, asubuhi, jioni, asubuhi. Kujua kama bromaidi imekwisha, chukua maji ya nje ya awamu ya mwisho na udondoshee silva naitreti. Ukungu wa rangi ya maziwa yanayokaribia manjano maana yake bado. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanaweza kusaidia kwenye suuza za mwanzo ikiwa una hakika si yale yaliyotiwa asidi. Kwa dayalisisi, hapana.

Mimina mmumunyo kwenye mirija na uuzungushe kwenye sentrifuji mizunguko 9,000 kwa dakika, nyuzi 4, dakika 20. Hamisha sehemu angavu ya juu, acha mashapo, na urudie mara moja. Kisha pima ukolezi: mililita 0.5 kwenye kisahani kilichopimwa uzito, nyuzi 60 hadi ikauke kabisa. Zikibaki miligramu 35, una asilimia 7, na njia hii kwa kawaida hutoa 7 hadi 8.

Hifadhi kwenye friji, nyuzi 4, usizidishe mwezi mmoja. Usiutikise. Usiunyonye kwa pipeti kwa nguvu hadi ukatoa povu. Mtikisiko, joto, asidi na chumvi vyote huisukuma fibroini kujipanga na kuganda, na iliyoganda hairudi kuwa maji. Chupa iliyoanza kuwa nyeupe kama tui imekwisha kazi yake hata kama bado inamiminika.

Dawa

Hapa tunatumia moksifloksasini, antibiotiki iliyozoeleka kwenye kliniki za macho kama matone ya asilimia 0.5, na inayopimika kirahisi kwa mwanga wa urujuanimno. Nunua unga safi wa maabara. Matone ya duka la dawa yana chumvi na kemikali nyingine, na mengi ya matone ya macho yana kihifadhi cha benzalkoniamu kloraidi ambacho kina chaji chanya, hung'ang'ania hariri na huumiza zile seli unazotaka zipone.

Unga huo ni wa haidrokloraidi, na mmumunyo wake ni wa asidi, pH ya 4 na kitu. Fibroini nayo hupoteza chaji yake karibu na pH 4. Ukivikutanisha hivyo hivyo utaona nyuzi nyeupe zikijitokeza ndani ya bika, na watu wengi hudhani hariri yao ilikuwa mbovu. Tengeneza kwanza mmumunyo wa dawa wa miligramu 5 kwa mililita, upandishe hadi pH 6.8 kwa matone ya sodiamu haidroksaidi hafifu, ndipo uchanganye. Kinga dawa na mwanga tangu dakika hiyo: foili kwenye kila chupa.

Kwa tando nne, changanya mililita 1.43 za fibroini ya asilimia 7, mililita 8.17 za maji na mililita 0.4 za dawa. Tanguliza maji na dawa, fibroini ije mwisho, na uzungushe bika kwa mkono polepole. Unapata mililita 10 za fibroini ya asilimia 1 zenye miligramu 2 za dawa, yaani asilimia 2 ya uzito wa hariri. Tengeneza na fungu jingine lisilo na dawa, maji yakichukua nafasi yake. Bila tando hizo tupu vipimo vyote vya mbele havina maana, kwa sababu fibroini yenyewe hufyonza mwanga kwenye eneo lilelile la dawa.

Ukitaka kubadilisha dawa, uliza kwanza chaji yake. Kwenye pH ya machozi hariri ni hasi. Dawa chanya kama gentamaisini hushikwa kwa nguvu zaidi na huweza kuchelewa kutoka kuliko ulivyopanga. Zilizo hasi husukumwa na hutoka haraka. Protini za ukuaji kama EGF zinahitaji uangalifu wa joto katika kila hatua, na huo ni mwongozo wa peke yake.

Kumimina

Tumia visahani vya silikoni vya kipenyo cha milimita 35. Utando hung'ang'ania plastiki ya kawaida na huchanika unapoubandua. Weka meza sawa kwa pima maji, si kwa kukadiria kwa macho, kisha mimina mililita 2.5 kwenye kila kisahani. Hiyo ni miligramu 25 za hariri kwenye sentimita mraba 9.6, na ikikauka hutoa utando wa maikromita 19 hivi. Tabaka la seli za juu la konea lina maikromita 50, kwa hiyo utando huu hautasumbua kope kupita kiasi. Ukifika maikromita 60 au 70 kingo huanza kuhisiwa kila jicho linapopepesa.

Ukaushaji unachukua usiku mmoja na ndio unaoharibiwa zaidi na hali ya hewa. Ukikauka polepole mno, kama ilivyo Mombasa au Tanga wakati wa masika, fibroini huanza kujipanga yenyewe bila mpangilio wako, na utando wa leo unatofautiana na wa juzi. Weka visahani kwenye sanduku lililofungwa lenye silika kavu na feni ndogo inayopuliza ukutani, isipulize moja kwa moja juu ya kimiminika. Nyuzi 25 zinatosha.

Kingo zitakuwa nene kuliko katikati, maana kimiminika hupanda ukutani kinapokauka. Tenga milimita 5 za pembeni na usizitumie.

Mvuke: hapa ndipo kasi ya dawa inapoamuliwa

Utando uliokauka tu bado huyeyuka kwenye maji, tena ndani ya dakika chache. Minyororo ya fibroini iko shaghalabaghala. Inatakiwa ijipange bega kwa bega kuwa zile tabaka za beta zinazofanya fuwele ndogondogo, na kinachoipa nafasi ya kusogea ni maji kidogo. Fuwele zikiwa chache, maji hupenya na kubeba dawa haraka. Zikiwa nyingi, dawa hupita kwenye vijia vyembamba.

Mimina maji kwenye sehemu ya chini ya desiketa, chombo chenye mfuniko kisichopitisha hewa, weka visahani juu ya kichanja, nyonya hewa kwa pampu hadi kipimo kitulie, funga vali na uache saa 12 kwenye nyuzi 25. Tone lolote linalodondoka kutoka kwenye mfuniko litatoboa au kukunja utando, kwa hiyo inamisha kipande cha foili juu ya visahani kama paa.

Joto la mvuke ndilo usukani. Imeonyeshwa kwamba kwa njia hii tabaka za beta zinaweza kupandishwa kutoka takriban asilimia 14 kwa mvuke wa nyuzi 4 hadi takriban asilimia 60 kwa mvuke wa nyuzi 100. Mtu anayetaka dawa itoke kwa siku moja na anayetaka itoke kwa wiki wanaweza kutumia mmumunyo uleule wakatofautiana hapa tu. Ila badilisha kitu kimoja kwa wakati: joto, au muda.

Maandiko mengi hutumia methanoli, na ni kweli hufanya kazi kwa dakika chache. Lakini unapozamisha utando wenye dawa ndani ya kimiminika, dawa hutoka humo kabla hujaanza kuipima, na methanoli si kitu cha kuacha mabaki yake karibu na jicho. Mvuke hauichukui dawa.

Utando unapotoka kwenye desiketa ni laini kwa unyevu. Ukate muda huohuo kwa kisu duara cha milimita 6. Ukisubiri ukauke utapasuka kama karatasi ya kioo. Kila kisahani hutoa vipande saba bila shida. Kila kipande kina miligramu 0.74 za hariri na maikrogramu 15 za dawa.

Kuna wanaoongeza gliserini asilimia 30 ya uzito ili utando usivunjike, na kwa kiwango hicho hauyeyuki hata bila mvuke. Utando wa namna hiyo hushikika vizuri sana. Lakini gliserini hutoka mara tu utando unapolowa na kuacha vitundu, na vitundu ni njia ya dawa. Jifunze kwanza bila gliserini.

Kabla ya kuendelea, hakikisha. Kama mna mashine ya infraredi, kilele cha amaidi ya kwanza (alama ya jinsi minyororo ya protini ilivyojipanga) kinahama kutoka maeneo ya 1640 hadi 1650 kwa sentimita kwenda karibu na 1620. Kama hamna, pima kipande kikavu kisicho na dawa, kiloweke saa 24, kikaushe, upime tena. Kikipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, mvuke haukutosha. Uangavu nao ni rahisi: weka kipande kilicholowa juu ya gazeti na usome. Ukiona ukungu, tafuta serisini iliyobaki, au mmumunyo uliokaa friji kupita siku zake.

Kupima utokaji wa dawa

Machozi ya bandia: kwa mililita 100 za maji, gramu 0.67 za chumvi safi ya sodiamu kloraidi, gramu 0.2 za sodiamu baikaboneti na gramu 0.008 za kalsiamu kloraidi yenye maji mawili. Rekebisha pH hadi 7.4, na fanya kazi kwenye nyuzi 35, joto la uso wa jicho, badala ya 37.

Weka kipande kimoja kwenye kichupa chenye mililita 1.5. Kwa nini kiasi hicho? Machozi ya maikrolita 1 kwa dakika ni mililita 1.4 kwa siku, kwa hiyo hesabu haiko mbali na jicho. Wapo wanaotumbukiza kipande kwenye mililita 50 wakikorogwa kwa kasi, kisha wanashangaa dawa kwisha upesi. Baada ya dakika 15, 30, kisha saa 1, 2, 4, 8, 24, 48 na 72, nyonya kimiminika chote na utie kipya chenye joto lilelile. Kwa kuondoa chote unaepuka hesabu za kurekebisha: jumlisha tu.

Soma kwenye spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, nanomita 288, ukitoa usomaji wa utando tupu wa saa hiyohiyo. Mstari wa ulinganisho utengenezwe kwa maikrogramu 1 hadi 12 kwa mililita, ndani ya machozi yaleyale ya bandia. Tumia vipande vitatu au zaidi kutoka visahani tofauti, maana vipande vya kisahani kimoja hufanana hata pale kazi nzima ilipokosewa.

Mlipuko wa mwanzo, yaani sehemu kubwa ya dawa kutoka ndani ya saa ya kwanza, utauona. Sehemu yake ni ya kawaida, dawa iliyokaa juu juu, na kwa kidonda chenye bakteria si mbaya kuanza kwa nguvu. Ukizidi, mimina mililita 0.5 za fibroini ya asilimia 1 isiyo na dawa juu ya utando mzima uliokwisha kupata mvuke, kabla ya kuukata vipande, kausha na upitishe mvuke tena. Hilo ni tabaka la maikromita 4 hivi. Lisimiminwe juu ya utando ambao haujapata mvuke: utayeyuka na dawa itapanda juu pamoja na maji.

Mwisho, jumla iliyotoka ikigota kwenye asilimia 70 na haisogei, usiandike kwamba utando unaendelea kutoa dawa kwa wiki. Huenda iliyobaki imenaswa kwenye hariri, au imeharibiwa na mwanga. Chukua kipande kile, kiyeyushe kwenye lithiamu bromaidi na upime kilichomo. Kujua muda wa kuoza, tumia kimeng'enya cha protease ya aina ya XIV, yuniti 1 kwa mililita kwenye nyuzi 37, ukikibadilisha kila siku kwa sababu hupoteza nguvu.

Vijidudu

Joto la otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu, nyuzi 121, haliiui hariri, lakini huongeza fuwele na hivyo kubadilisha utokaji uliokwisha kuupima, na si kila dawa hulistahimili. Ethanoli ya asilimia 70 huosha dawa. Njia yenye hasara ndogo ni kuchuja mmumunyo wa asilimia 1 kwenye chujio la maikromita 0.22 kabla ya kumimina, na kufanya kila kinachofuata ndani ya kabati safi kwa vyombo vilivyopikwa. Mmumunyo wa asilimia 7 huziba chujio hilo mara moja, na ukilazimisha sirinji unaigandisha fibroini. Mionzi ya gama ya kilogrei 25 inawezekana panapopatikana huduma hiyo, mradi utokaji upimwe upya baadaye. Chujio halizuii sumu za bakteria waliokwisha kufa ndani ya maji yaliyolala, na jicho huvimba kwa sumu hizo kama kwa bakteria hai. Tumia maji ya siku hiyo.

Jicho la machinjioni

Kabla ya kujaribu kwa sungura yeyote, tumia macho ya machinjioni. Ya nguruwe yanakaribia zaidi ukubwa wa konea ya binadamu, lakini yatolewe kabla mzoga haujatumbukizwa maji ya moto. Ya ng'ombe ni makubwa, ila hupatikana kila alfajiri. Yabebe kwenye maji ya chumvi yaliyozungukwa na barafu na uyatumie siku hiyohiyo.

Weka alama ya duara la milimita 5, paruza seli za juu kwa kisu butu, dondosha rangi ya fluoresini na umulike kwa taa ya buluu: kidonda hung'aa kijani. Weka kipande cha milimita 6 na uangalie kingo. Konea ya binadamu ina nusu-kipenyo cha mviringo cha milimita 7.8, kwa hiyo kipande cha milimita 6 kinatakiwa kujipinda milimita 0.6 tu katikati, na utando uliolowa huweza. Cha milimita 12, kinachofunika konea yote, kinatakiwa kujipinda milimita 2.8, na utando bapa hapo hukunja pindo ambazo zitakwaruza kope. Kwa ukubwa huo mimina kwenye ukungu wa mviringo uliotengenezwa juu ya gololi ya beringi ya milimita 16, ukijua kwamba kimiminika kitajikusanya chini na katikati patakuwa nene. Tabaka kadhaa nyembamba ni bora kuliko moja.

Jicho lililo juu ya meza linaonyesha kukaa, kuteleza na kupenya kwa dawa. Haliponi. Kuona kidonda kikifunga, konea ikatwe na ilelewe kwenye kiangulio cha seli, nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, ikipigwa picha ya fluoresini kila siku. Linganisha makundi matatu: lisilofunikwa, lenye utando tupu, lenye utando wa dawa. Antibiotiki haiongezi kasi ya seli kutambaa, na kundi la dawa likichelewa nyuma ya lile la utando tupu, kiasi cha dawa ni kikubwa mno kwa seli.

Majaribio kwa wanyama na kwa watu yana milango yake: NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa Tanzania, NACOSTI (tume ya sayansi) na Pharmacy and Poisons Board (bodi ya dawa) kwa Kenya, pamoja na kamati za maadili za taasisi husika. Peleka swali moja mapema kabla ya kutumia fedha nyingi: je, bandeji yenye dawa ndani yake itasajiliwa kama dawa au kama kifaa tiba? Jibu hilo ndilo linaloamua ni vipimo gani kati ya hivi vitalazimika kurudiwa kwa viwango vya kiwandani.